Amplifaya Yenye Kifuniko cha Sufuria

Wiki iliyopita mvua ilimfukuza mama anayeuza samaki wakavu kando ya barabara, akaingia dukani kwangu na beseni lake bila kupiga hodi. Sikumtoa. Tunajuana. Aliliweka beseni juu ya kaunta, karibu na amplifaya niliyokuwa nimeiwasha tangu asubuhi kuijaribu, na ule mgongo wake wa alumini ulikuwa umepata moto sawasawa. Haikuchukua muda harufu ikapanda: samaki, vumbi linaloungua, alumini ya moto. Nikatafuta kiti nikakaa.

"Ni presha, mama?" akaniuliza.

Nikamwambia si presha. Ni baba yangu.

Mimi sikusoma. Nilitoka shule kabla sijajua kugawanya, na sisemi hili kwa haya, kwa sababu duka hili la Malaba ni langu na lile la Busia ni langu, na hakuna mwanaume aliyenishika mkono kunipeleka mahali. Nauza amplifaya, spika, betri na sola. Watu huja wakisema, "Mathe, nataka wati mia tano za sebuleni." Mimi huwauliza kwanza: nani atasikiliza? Wananiangalia kama mzee aliyechanganyikiwa. Wengine wananitajia urefu wa chumba. Nawaambia chumba hakina masikio, niambie mtu. Swali hilo nililipata nikiwa mdogo sana, na bei yake ilikuwa Senge.

Senge kwetu ni dada ya baba. Wangu aliitwa Nafula.

Tulikaa hapa hapa Malaba, kwenye ploti ya vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, nyuma ya mahali malori yanaposubiri kuvuka. Chumba chetu kilikuwa na mlango mmoja, dirisha moja na pazia katikati. Upande huu baiskeli, upande ule kitanda. Baba alikuwa mwendesha boda, ile boda ya mwanzo, ya baiskeli, yenye kiti cha sponji nyuma, ya kubeba watu kutoka huku mpaka geti la Uganda. Jina lake Bwire. Msamia mwembamba, mguu mgumu, mtu wa kucheka. Mama yangu alikuwa Mteso wa Amukura. Mtoto nilikuwa mimi peke yangu, na kwa sababu nilipewa jina la mama yake, Baba hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Mama.

Huyo mama yake alikufa Baba akiwa bado ananyonya. Aliyemlea ni Senge Nafula, naye mwenyewe alikuwa msichana mdogo tu. Alimbeba mgongoni akienda kuteka maji, akilima, akipika. Baba alikuwa akisema kitu cha kwanza anachokumbuka duniani ni shingo ya dada yake. Baadaye Senge akaolewa Bunyala, akafanya biashara ya samaki, na kila alipokuja kwetu alikuja na gunia. Mwaka mmoja akaleta sufuria yake kubwa ya alumini pamoja na kifuniko, ile aliyokuwa akikaangia samaki tangu aolewe. Ilikuwa nyeusi kwa nje na imejaa harufu. "Mwanangu asipikiwe kwa mkebe," alimwambia Mama yangu. Mwanangu ndiye Baba.

Nikiwa bado mdogo wa kubebwa, Baba aliugua kifua. Alichomwa sindano siku baada ya siku kwa muda mrefu, akapona, akanenepa kidogo, akarudi kwa baiskeli. Ilikuwa furaha na hakuna aliyetafuta neno lingine. Lakini baada ya pale redio yetu ikaanza kuchoka.

Ndivyo tulivyosema nyumbani: redio imechoka. Baba alinunua mawe mapya, zile betri ndogo za redio. Aliyatoa akayaanika juani. Aliinama akaweka sikio kwenye kile kitambaa cha spika, akainuka akitikisa kichwa. "Vitu vya siku hizi ni maji matupu," akasema. Mimi nilikuwa nasikia redio vizuri kabisa, lakini mtoto hamwambii baba yake kwamba redio ni nzima. Nilijua yeye anajua mambo ya redio na mimi sijui.

Huko barabarani nako abiria walianza kumgombeza. Mtu wa boda anaongea na abiria aliye mgongoni kwake, hamwoni mdomo. Siku moja alipita na mama mmoja wa mayai mahali alipotaka kushuka, akaenda naye mpaka karibu na geti huku mama yule akimpiga mgongo kwa kofi.

"Hapa! Nimesema hapa! Sasa Kampala nikanunue nini?"

Waendesha boda walicheka mpaka wakashika magoti. Omoding, rafiki yake Baba, akapiga kelele: "Bwire siku hizi hashukishi mtu, anahamisha!"

Baba naye alicheka. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye mtaro nikamwona: aliangalia kwanza midomo yao, halafu ndipo akacheka. Kila mara alicheka mwisho. Mimi nilidhani ndivyo wakubwa wanavyocheka.

Basi Baba akaamua kwamba redio inahitaji kusaidiwa. Kulikuwa na fundi akiitwa Opio, alitoka Tororo kila asubuhi na sanduku lake la vyuma, akakaa kwenye baraza ya ploti yetu kuchomelea redio za watu. Mtu wa maneno mengi na vidole vilivyoungua, aliyemwita kila mwanaume ssebo, yaani bwana. Baba akamwita ndani.

"Nataka unitengenezee amplifaya."

"Sawa, ssebo. Niambie spika itakaa wapi, na wewe utakaa wapi."

"Spika pale. Mimi hapa."

Opio akanyoosha mguu kupima, akaanza kucheka. "Hata hatua sijamaliza! Hapa wati tatu zinatosha, na jirani atapata za bure."

"Weka ishirini."

"Ishirini ni za kanisa."

"Weka."

Opio akakaa kitandani akamweleza, na ndiyo siku niliyosikia hesabu hiyo kwa mara ya kwanza. Alisema ukiongeza wati mara mbili, sikio haliongezewi mara mbili. Linaongezewa kidogo tu, kama kutia kijiko kingine cha chumvi kwenye sufuria ya harusi. Ukitaka sauti iwe kubwa maradufu kweli, lazima wati ziwe kama mara kumi, na betri nayo italipia. "Usinunue nguvu ambayo huitaki, ssebo. Sikio aliyeliumba aliliumba vizuri, linashiba upesi."

Baba alikuwa akiangalia misumari kwenye meza. Nikafikiri, ona baba yangu, habishani na watu wa maneno mengi.

Sanduku la amplifaya lilitoka kwenye mbao za kreti ya soda. Lakini zile transista zikifanya kazi hushika moto, ni lazima zifungwe kwenye chuma kitakachotawanya huo moto, au zife. Opio akauliza kama kuna kipande cha alumini nene. Baba akatazama huku na huku chumbani, akanyanyua kifuniko cha sufuria ya Senge.

"Na sufuria nitaifunika na nini?" Mama akauliza.

"Sahani."

"Bwire, hicho ni kifuniko cha wifi yangu."

"Ndiyo maana hakitaniangusha," Baba akasema.

Opio akakitoboa matundu. Siku ilipowashwa mara ya kwanza na kupata moto, chumba kizima kilinuka samaki wa Senge. Baba alifumba macho akavuta pumzi. "Amekuja," akasema, tukacheka sote.

Haikutosha. Sauti ilikuwa ikitetemesha vikombe, na Baba anakaza shingo kuelekea spika. "Iko karibu," alimwambia Opio. "Bado kidogo tu." Opio akabadilisha spika. Bado kidogo tu. Akasema basi kwa betri moja ya gari hawezi kupita hapo, kama anataka zaidi aweke betri ya pili. Baba akauza mbuzi wetu, akaleta betri ya pili. Zote mbili alizibeba kwa baiskeli kwenda kuchajishwa kwenye posho mill, ile mashine ya kusaga unga, na asidi ilimwagika ikala gauni langu, likawa na matundu chini kama lililoliwa na panya. Nililivaa hivyo hivyo kwa fahari. Hakuna mtoto mwingine aliyekuwa na gauni lililotobolewa na amplifaya.

"Ssebo," Opio alisema mwishowe, akijikuna kichwa, "nimekupa nguvu ya kuamsha Tororo. Sasa shida iko wapi?"

"Hakuna shida," Baba akasema. "Imekaa vizuri." Nami nikaona ameridhika.

Sasa nieleze kuhusu jioni. Wakati huo simu ya mkononi haikuwepo. Mtu akifa mbali, redio ndiyo ilipeleka habari, na saa ya matangazo ya vifo ilikuwa saa ya heshima. Jua likiwa bado halijazama, watu walitoka kwenye vyumba vyao wakaja mlangoni kwetu: kina mama na watoto mgongoni, waendesha boda, hata vijana wa malori. Baba alitoa spika akaiweka kizingitini. Walikuja na vigoda. Mtangazaji alisoma jina la marehemu, kwao, alikoolewa, halafu, "habari ziwafikie," akaanza kuita walio hai mmoja mmoja. Hapo ndipo watu walipokunja mikono. Likitajwa jina la mtu aliye pale, watu walitulia wakamngojea. Yeye ndiye alipaswa kulia kwanza. Akishatoa sauti, ndipo wanawake wanapokea, ndipo wanaume wanaanza kuuliza gari la kwenda ni lipi. Kumwambia mtu, "wewe, umefiwa," wakati tangazo limeshasemwa mbele yake, ilikuwa kama kumsukuma kaburini. Hakuna aliyefanya hivyo.

Na mtoto ndiyo kabisa. Mama yangu alinifundisha mapema: mtoto habebi kifo mdomoni. Ukisikia jina la aliyekufa, ziba mdomo kwa mkono mpaka wakubwa waseme. Nilifanya hivyo kila jioni, na watu walinisifu.

Matangazo yakiisha, Baba alikuwa akimgeukia Mama: "Leo wametaja nani?" Mama alimjibu akiwa amemwelekea uso. "Mtu wa Nambale. Mtu wa Matayos. Wetu hakuna." Alimuuliza hivyo kila siku na mimi sikushangaa. Nilidhani anamjaribu, kama mwalimu anavyouliza kitu anachokijua.

Kisha mama yake Mama akaugua, na Mama akaenda Amukura kumwangalia na kumpalilia wimbi. Tukabaki Baba na mimi.

Jioni ile nilikuwa nimekaa juu ya debe karibu na spika. Baba amekaa kwenye kiti chake, goti moja juu ya lingine, anatikisa mguu. Kifuniko kilikuwa kimeshapata moto. Mtangazaji akasema kwa masikitiko anatangaza kifo cha mama Nafula wa Bunyala. Akataja mume wake. Akataja watoto. Akasema, "na habari zimfikie ndugu yake, Bwire, mwendesha baiskeli, popote alipo huko Malaba."

Jina la baba yangu lilitoka kwenye spika ya baba yangu kwa nguvu ile yote, likagonga ukuta wa ploti ukaturudishia. Watu wote waligeuka wakamwangalia.

Baba alikuwa akitikisa mguu.

Niliziba mdomo. Nilingoja alie ili na mimi nilie. Mama Atieno, jirani yetu wa chapati, alikuwa ameshafungua leso yake akaishika mkononi, tayari. Omoding alivua kofia. Baba aliwaona wanamwangalia, akatabasamu, akapiga lile sanduku la amplifaya kofi dogo kama mtu anayemsifu ng'ombe wake. "Leo inasema, ama?"

Mama Atieno akafunga leso yake polepole. Walichukua vigoda vyao wakaondoka mmoja mmoja.

Baba akanigeukia. "Haya, Mama. Mama yako hayuko. Leo wametaja nani?"

Nikabonyeza mkono kwenye mdomo kwa nguvu zaidi. Nilijua ananijaribu. Nilijua anataka kuona kama nitavunja sheria hata siku ya Senge.

Akacheka. "Amekufundisha vizuri," akasema, akazima redio, akaingia ndani kupika ugali.

Usiku ulipita. Asubuhi akaenda kazini. Nilimwona akipanda baiskeli, mgongo wake umenyooka, nikasema moyoni baba yangu ni mwanaume kweli, hata machozi yanamwogopa. Niliwaambia watoto wa ploti hivyo. Watoto wakaniambia, "Mama yetu anasema baba yako ana moyo wa chuma." Nilidhani ni sifa.

Mama Atieno alileta unga wa mahindi na kuni, kama inavyopelekwa kwa mtu mwenye msiba, akavitua mlangoni.

"Pole, Bwire," akasema akiangalia chini.

"Karibu, mama! Leo umenikumbuka!" Baba akachukua unga ule akicheka. Mama Atieno akamwangalia kwa jicho ambalo sijalisahau, akaenda zake bila kugeuka. Tuliupika ule unga. Tuliula.

Watu wa boda nao walianza kumpa mgongo. Omoding hakukaa naye tena kivulini. Abiria wanaomjua walipanda kwa wengine. Baba aliona, na jioni akiwa anakoleza moto aliniambia, "Watu wana wivu, Mama. Mtu akipata kitu kizuri." Akaongeza sauti ya amplifaya. Mlangoni kwetu hakuja mtu na kigoda.

Siku hizo zote Senge alikuwa amelazwa uani kwa mume wake Bunyala, anamngoja. Kwao mwanamke aliyeolewa hafukiwi kabla ndugu yake hajatupa udongo wa kwanza, kwa sababu ndiye aliyemtoa nyumbani na ndiye anayemtoa tena.

Mama alirudi alasiri moja. Alikuwa ameshuka stendi, na Mama Atieno alimwona kwanza akamwambia yote. Tulisikia, yaani mimi nilisikia, mlio wa Mama kutoka huko barabarani, mikono kichwani, leso imeanguka. Baba alikuwa ameinamisha baiskeli anaziba pancha, ameipa barabara mgongo. Hakuinua kichwa mpaka kivuli cha Mama kilipofika kwenye gurudumu.

Aliruka. "Nani? Ni mama yako? Amekufa?"

"Nafula! Bwire, Nafula!"

"Nani?"

"Nafula! Wamemzika jana!" Alilazimika kulisema hivyo, kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto, na ploti nzima ikatoka nje.

Baba alishika ile pampu ya baiskeli kwa mikono miwili. "Hakuna mtu aliyeniambia," akasema. Akawageukia majirani. "Mmejua? Na hakuna mtu aliyeniambia?"

Mama Atieno alikuwa analia sasa. "Redio ni yako, Bwire! Ilisema ukiwa umeikalia! Tungekuambia nini tena?"

Baba aliangalia mdomo wake mpaka ulipofungwa. Halafu akaingia ndani. Nikamfuata. Aliunganisha betri zote mbili, akazungusha volyumu mpaka mwisho. Ilikuwa muziki wa alasiri, na vumbi lilianguka kutoka kwenye mabati. Watoto mlangoni waliziba masikio. Baba aliweka kiganja kwenye spika akakiacha pale, kikitetemeka.

"Mama," akaniuliza, "hii inalia?"

"Inalia, Baba."

Aliinama nikaona anaangalia midomo yangu. "Sana?"

"Sana. Inaumiza."

Akazima. Akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye mguu wa kitanda, kama mtu aliyeshushwa na lori mahali asipopajua.

Baba na Mama walikwenda Bunyala siku iliyofuata nami nikiwa mgongoni, ingawa nilikuwa nimeshapita umri wa kubebwa. Kaburi lilikuwa bichi. Mume wa Senge hakumpa Baba mkono. "Tulikungoja mpaka jua likatuacha," alisema. "Shemeji, ni kazi gani iko Malaba ambayo haiachwi?"

"Sikusikia," Baba akasema.

Wazee wakatazamana. Mmoja akacheka kidogo, si kwa furaha. Sifa za ile amplifaya zilikuwa zimeshafika mpaka kule.

"Sikusikia," Baba akarudia, na hakuongeza neno. Alichukua udongo akautupa juu ya udongo. Kisha akalala kifudifudi pale, shavu chini, na hakuna aliyemwinua. Mpaka anakufa hakuna nyumba Bunyala iliyomkaribisha tena.

Tuliporudi, Opio alikuja akakaa mlangoni bila sanduku lake. Alimshika Baba kidevu, akamgeuza uso, akasema taratibu: "Ssebo, nilipima chumba. Ningekupima wewe." Daktari mmoja mteja wangu ameniambia juzi juzi tu kwamba baadhi ya zile sindano za kifua za zamani zilikuwa zikiponya kifua na kuondoka na masikio. Sina ugomvi nazo. Bila hizo nisingekuwa na baba wa kumkumbuka.

Baba aling'oa misumari mwenyewe, akakitoa kifuniko cha Senge, akamrudishia Mama. Tangu hapo sufuria yetu ilitoa mvuke kupitia matundu ya transista. Kifuniko hicho kiko hapa dukani, juu ya mlango. Hakiuzwi.

Baba aliacha boda, akashona magunia kwenye ghala. Mimi shule niliiacha nikakaa na Opio, na mengine yote niliyo nayo yametoka pale. Lakini jioni zilirudi. Redio ndogo, ya mawe, kizingitini. Jioni ya kwanza matangazo yalipoisha, Baba alivuta kiti chake tukaangaliana uso kwa uso.

"Leo wametaja nani, Mama?"

Mkono wangu ulikwenda mdomoni. Mama akasema, "Mtoto habebi—"

"Aseme," Baba akasema. Akaushika mkono wangu akauteremsha. "Mwache aseme."

Nikasema. Pole pole, nikifungua mdomo vizuri. Mtu wa Alupe. Mtu wa Funyula, na waliobaki nyuma yake, jina kwa jina. Aliangalia midomo yangu mpaka jina la mwisho, akaitikia kwa kichwa. Kuanzia siku hiyo vifo vyote vilivyomfikia baba yangu vilipita kinywani mwangu. Vya marafiki. Cha Omoding. Cha Opio, ambacho nilikisema mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka, ingawa Baba alikuwa ameshakisoma midomoni. Cha Mama. Nilipokuwa mtu mzima, na duka, na watoto, bado nilifunga kazi jioni nikaenda kukaa mbele ya kiti chake.

Alikufa akiwa mzee, kitandani, usingizini. Siku hizi kuna simu, lakini nilisema lazima atangazwe redioni. Jioni ile nyumba ilikuwa imejaa watu, nami nimekaa mahali pangu pa siku zote. Mtangazaji akasoma majina ya wengine, halafu akasema, kwa masikitiko, mzee Bwire wa Malaba.

Nikageukia kiti chake na kufungua mdomo nimwambie.